Siku ya michezo si kombe dogo: namna ya kuipanga ili kila mtu acheze

Kila mara wazo la siku ya michezo linapotokea kwa wanafunzi wa IFA-Yangambi, zinasikika sauti mbili. Ya kwanza inasema: "Tulikuya huku juu ya masomo, hapana juu ya kucheza." Ya pili inasema: "Sawa, leteni mpira, tutaona nani ni mwanaume." Ya kwanza inadhani mchezo ni kupoteza wakati. Ya pili inadhani mchezo ni wa wenye miguu tu. Leo nataka kueleza kwa nini zote mbili zinakosa njia, halafu nipite hatua kwa hatua namna wanafunzi wenyewe wanavyoweza kupanga siku ya namna hiyo, hata utawala usipotoa franga moja.

Tuanze na neno lenyewe. Siku ya michezo ya kujiburudisha si kombe dogo. Kombe linatafuta aliye bora, na ili kumpata linawatoa watu mmoja mmoja hadi abaki mshindi. Siku ya kujiburudisha inafanya kinyume: inataka jioni ifike na watu wote bado wamo. Hiyo tofauti inabadilisha kila kitu, yaani ukubwa wa timu, dakika za mchezo, zawadi, hata kazi ya mwamuzi. Ukitupa mpira mmoja katikati ya wanafunzi 300, wavulana 22 watacheza na watu 278 watasimama pembeni. Hiyo si siku ya michezo ya chuo. Hiyo ni mechi yenye watazamaji.

Kwa nini sisi hasa?

Chuo chetu kina hali yake. Jina linabeba Yangambi, kule ambako mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo ambayo leo tunaijua kama INERA. Huko kuna msitu uliotambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiyosfia tangu miaka ya 1970, kuna hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, na kuna mnara wa mita 55 unaopima kaboni inayoingia na kutoka msituni. Lakini wengi wetu tunasomea Kisangani, na Yangambi tunaifikia kwa mafunzo ya vitendo, kama kilomita 100 ukishuka na mto. Kwa hiyo jumuiya yetu imegawanyika tayari: wengine mjini, wengine kule kituoni pamoja na watafiti, wafanyakazi na familia zao.

Ongeza na hili. Katika ukumbi mmoja wa masomo anakaa mtu wa Isangi, wa Opala, wa Bafwasende, wa Buta, pamoja na wale waliotoka mashariki wakikimbia vita. Mwaka wa kwanza, wale tunaowaita ba-bleu, wanawaogopa wakubwa. Wanaokaa nyumbani kwa wazazi hawajui maisha ya wanaopanga chumba. Tunakaa benchi moja miaka mitatu, na kuna mtu unamjua kwa mgongo tu, sababu anakaa mbele yako.

Na kuna jambo zito zaidi. Kuanzia Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia nyingi zikakimbilia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Watoto wa pande zote mbili wanasoma Kisangani. Wanakaa ukumbi mmoja na sisi, na wengine kati yao ni sisi wenyewe.

Tuseme wazi: hakuna mchezo unaomaliza mgogoro wa ardhi. Huo unamalizwa na sheria, na machifu, na serikali ikifanya kazi yake. Anayekuambia mpira utaleta amani peke yake anakudanganya. Lakini mchezo unaweza kufanya kazi ndogo ambayo sheria haiifanyi: unakupa jina na uso wa mtu. Uvumi ukija kwenye simu usiku, eti "watu wale" wanapanga hivi na vile, si rahisi kuumeza mzima kama mmoja wao Jumamosi iliyopita alikuwa nyuma yako kwenye kamba, mnavuta pamoja, mnaanguka pamoja. Kazi hiyo ni ndogo, lakini kwenye mji wetu si ya kudharau.

Nani alipanga michezo kabla yetu?

Michezo ya kisasa nchini Kongo ilipangwa kwanza na watu wengine kwa ajili yetu. Mjini Kinshasa, padri Mbelgiji Raphaël de la Kethulle ndiye aliyeanzisha shirikisho la michezo mwaka 1919. Uwanja uliofunguliwa mwaka 1952 leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël, na ndipo Muhammad Ali alipompiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Enzi ya ukoloni Wazungu walikuwa na ligi yao na Wakongo yao. Mchezo ulileta watu uwanjani, lakini ulipangwa ili wasichanganyike.

Ndiyo maana nasisitiza neno hili: iliyopangwa na wanafunzi. Anayepanga ndiye anayeamua nani anachanganyika na nani. UNESCO, katika hati yake ya mwaka 1978 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inasema mazoezi ya mwili na michezo ni haki ya kila mtu. Mwaka huo wa 2015 ikatangaza pia tarehe 20 Septemba kuwa siku ya kimataifa ya michezo ya vyuo vikuu. Sisi hatufungwi na tarehe hiyo, kalenda yetu tunaijua inavyoyumba. Tunachochukua ni wazo: haki hiyo ni ya kila mtu, haikuandikwa kwa ajili ya wachezaji 22.

Timu zinaundwaje?

Hapa ndipo siku nzima inapopona au kufa. Njia rahisi ni promo kwa promo, au kitivo kwa kitivo. Ni rahisi, na ni mbaya, sababu inachukua mipaka iliyopo na kuipaka rangi ya jezi. Watu wanakuja na hasira za zamani, wanaondoka na hasira mpya. Mbaya zaidi ni kuacha watu wachaguane wenyewe: rafiki atamwita rafiki, mtu wa kwao atamwita mtu wa kwao, na mwisho watabaki watano ambao hakuna aliyewataka. Hao hawatarudi tena mwaka kesho.

Njia ninayoitetea ni kura ya rangi. Unachukua vipande vya kitenge vya rangi nane, unavikata vidogo vya kufunga mkononi, unaviweka kwenye mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa wasichana, wa pili ni wa wavulana, wa tatu ni wa wafanyakazi na walimu. Kila mtu anaingiza mkono bila kutazama. Kwa nini mifuko mitatu na si mmoja? Sababu kura ya mfuko mmoja inaweza kuleta timu ya wavulana watupu na nyingine yenye maprofesa sita. Mifuko mitatu, kila mmoja ukiwa na idadi sawa ya kila rangi, inagawa watu kwa usawa bila mtu yeyote kuchagua.

Msisahau huo mfuko wa tatu. Jumuiya ya chuo si wanafunzi peke yao. Kuna papa sentineli anayelinda lango usiku, kuna mama anayefagia kumbi, kuna dereva, kuna mtu wa maabara. Sisi wa kilimo kesho tutatumwa vijijini kuongea na wakulima wenye umri wa baba zetu. Mtu aliyesoma miaka mitano bila kujua jina la papa wa lango atawezaje kukaa chini na mkulima wa Yangambi na kumsikiliza? Papa huyo akifunga kitambaa cha kijani na wewe kijani, siku hiyo ni mwenzako. Heshima inabaki, woga unapungua.

Michezo gani?

Kanuni ni moja: chagueni michezo ambayo asiye na mazoezi anaweza kuingia bila aibu, na ambayo vifaa vyake vipo. Ninapendekeza vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni mpira wa miguu wa uwanja mdogo, watu 9 kwa 9, waliochanganyika wavulana na wasichana. Kila baada ya dakika 6 kikosi kizima kinatoka na kingine kinaingia, hata kama mmefungwa mabao matatu. Hapo hakuna nyota anayekaa uwanjani siku nzima.

Kituo cha pili ni nzango. Huu ni mchezo wa wasichana wa kwetu, wa Kongo zote mbili, uliotoka viwanja vya shule ukafika hadi Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015 kama mchezo wa maonyesho. Wawili wanakabiliana, wanaruka, wanapiga makofi, timu inaimba, kisha kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele. Timu moja inapata alama miguu ikilingana, nyingine inapata isipolingana. Hauhitaji mpira wala viatu. Na hapa jambo zuri linatokea: wavulana wanagundua hawajui, wasichana wanakuwa walimu. Kila chuo kinahitaji angalau saa moja ambayo mabingwa wa mpira wanachekwa kwa upendo.

Kituo cha tatu ni kuvuta kamba, pamoja na mbio za magunia kwa wanaosubiri zamu. Kamba inataka uzito na mpangilio kuliko mbio. Mwalimu mnene anakuwa dhahabu.

Kituo cha nne ni baiskeli polepole. Kisangani ni mji wa toleka, baiskeli za kubeba abiria tunazipanda kila siku, kwa hiyo kuazima sita si kazi. Mnachora njia ya mita 30. Anayeshinda ni anayefika wa mwisho bila mguu kugusa chini. Umri hausaidii, nguvu haisaidii, utulivu unasaidia.

Kwa asiyeweza kuruka, mwenye ulemavu, mwenye mimba au aliyetoka kuugua, wekeni meza ya bao na dama yenye alama sawa na vituo vingine. Mtu huyo naye ni mchezaji wa timu. Msimpe kazi ya kulinda mifuko tu.

Hesabu ya saa

Watu wengi wanaharibu siku kwa kutopiga hesabu. Tazama: timu 8 za mtoano zinacheza mechi 7. Baada ya mechi 4 za kwanza, nusu ya watu wamekwishatolewa, wamekwenda kununua ndizi. Umewaita wacheze, ukawafukuza kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa chukua timu hizo 8 na vituo 4. Kila kituo kinapokea timu mbili kwa dakika 25, na dakika 5 za kuhama. Timu nne zinazunguka kwa upande wa kulia, nne nyingine kwa upande wa kushoto. Baada ya zamu nne, yaani saa mbili tu, kila timu imepita vituo vyote, na imekutana na wapinzani wawili tofauti. Watu 300 kwa timu 8 ni kama 37 kila timu. Vikosi vinne vya watu 9 kwa dakika 6 ni dakika 24, wote wamegusa mpira. Hesabu inakubali.

Alama ziwe hivi: 2 kwa timu inayoshinda kituo, na 1 kwa kila timu ambayo watu wake wote walicheza. Ukimwacha mtu ameketi, hiyo moja umeipoteza. Utaona kapteni mwenyewe anazunguka kutafuta aliyejificha chini ya mti.

Anzeni mapema. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza karibu saa 12 na adhuhuri linasimama juu ya kichwa. Kura saa 2 asubuhi, michezo saa 2:30 hadi 4:30, mapumziko, kisha fainali fupi za kuchekesha na muziki. Saa 6 mchana watu wako kivulini na chakula.

Maji, jua na radi

Hapa naomba tusicheke. Siku ya furaha inaweza kugeuka kilio kwa uzembe mdogo.

Maji safi yawe kwenye kila kituo, si kwenye meza moja mbali. Anayetapika au kuharisha kwa joto na uchovu apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyeteguka mguu akae, awekewe kitu cha baridi, afungwe, mguu uinuliwe. Msimvute-vute. Kabla ya kura, waulizeni watu wote: nani ana moyo, nani ana pumu, nani alikuwa na malaria wiki hii? Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akafariki, naye alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye madaktari. Muwe na mtu mmoja wa udaktari au uuguzi, na pikipiki moja imesimama tayari, mafuta ndani, dereva hacheze.

Halafu radi. Nchi yetu ni kati ya zile zinazopigwa na radi zaidi duniani. Mwaka 1998 vyombo vya habari viliripoti kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja huko Kasai, na kwa sababu timu nyingine haikuguswa, watu wakaanza kusema uchawi. Sisi tuliosoma tuna wajibu wa kuweka kanuni mahali pa tuhuma: ukisikia ngurumo, mchezo unasimama saa hiyo hiyo, wote wanaingia kwenye jengo la kweli, si chini ya mwembe wala kibanda kilicho wazi. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mwamuzi haombwi kuongeza dakika mbili.

Pesa

Siku nyingi za wanafunzi hazifi kwa ukosefu wa pesa, zinakufa kwa pesa zisizoelezwa. Tufanye mfano: watu 300 wakitoa franga 1,000 kila mmoja, ni franga 300,000. Kwa hiyo mnanunua kamba, mipira, maji, chokaa ya kuchora mistari, na mnachangia chakula. Kama hazitoshi, jivu linachora mstari vilevile.

Kanuni tatu zinatosha. Moja, pesa zishikwe na watu wawili wa promo tofauti. Mbili, kila kilichonunuliwa kiandikwe kwenye karatasi moja na ibandikwe ukutani kabla ya siku yenyewe na baada yake. Tatu, asiye na franga 1,000 anacheza, na hakuna anayemtaja. Mwanasiasa akija na fulana zenye picha yake, mshukuruni kwa adabu, kisha mfikirie vizuri. Fulana hiyo inageuza siku yenu kuwa mkutano wake.

Kuzuia ugomvi

Mwamuzi wa kila kituo awe mtu wa rangi isiyocheza hapo. Uamuzi wake haupingwi, na ukipingwa kituo hicho kinakosa alama kwa wote wawili. Nyimbo ni ruhusa, tena nyingi, lakini wimbo wa kutukana kabila, mkoa au mwili wa mtu unaitoa timu kwenye zamu hiyo. Lotoko na bia zibaki nje ya uwanja hadi mwisho. Na wakubwa wasigeuze siku hii kuwa ya kuwatesa ba-bleu. Mtu aliyefedheheshwa asubuhi hawezi kucheza mchana.

Zawadi

Msinunue kombe. Kombe litakaa ofisini kwa mtu mmoja na kukusanya vumbi. Timu inayoshinda ipewe haki ya kwanza kupakuliwa lituma na samaki, na ipewe miche: safu, avoka, au mti wowote wa kwetu kutoka kitalu. Wanapanda pamoja, vitambaa vyao vya rangi vikiwa bado mkononi, kwenye uwanja wa chuo au kule Yangambi mnapokwenda kwa mazoezi. Sisi ni watu wa kilimo, tunajua mti unahitaji mtu wa kuumwagilia mwaka wa kwanza. Basi timu hiyo, yenye mtu wa Opala na wa Lubunga, mwalimu na mama wa usafi, itabidi ipange zamu za kumwagilia. Hapo siku moja inakuwa mwaka.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Siku moja haiwezi kukupa hizo zote kwa mwaka, lakini inaweza kukupa watu wa kukimbia nao Jumamosi inayofuata.

Kama wewe ni mkuu wa promo, usingoje kamati kubwa. Tafuta wenzako wanne kutoka promo nne tofauti wiki hii, mmoja awe msichana anayejua nzango vizuri. Kaeni saa moja, andikeni tarehe, orodha ya vifaa na jina la mwenye pikipiki. Karatasi hiyo ikishapatikana, kazi iliyobaki ni ya mikono tu, na mikono tunayo.